Dengu za Mama Ketan

Marahaba, wote mlionisalimia. Na ambaye hakusalimia namchukulia kwamba alikuwa na kitu mdomoni, pengine kile kikopo chenu cha kutikisa unga wa misuli, nyinyi vijana.

Jina langu ni Nsia, ila mtaani walizoea kuniita Mama Neema, kwa jina la binti yangu. Nimefanya kazi ya kusaga nafaka miaka thelathini na moja katika kichochoro kimoja cha mtaa wa Gerezani, karibu na Kariakoo. Upande mmoja walikuwa wanauza springi za malori, upande wa pili wanachomelea mageti, na katikati tulikuwa sisi na mashine mbili za kusaga na moja ya kukoboa. Sasa nimestaafu. Nadhani mapafu yangu bado yana kilo mbili za sembe, lakini daktari kapiga picha hakuziona, kwa hiyo tumekubaliana kwamba ni uzee.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kijana mmoja wa kwaya kanisani kwetu. Baada ya ibada tulipika makande, nikampakulia sahani nzuri, akairudisha.

"Bibi, mimi natafuta protini. Hayo ni wanga mtupu."

"Na maharage yaliyomo humo?"

Akayatazama kwa muda, kama mtu anayetambulishwa kwa jirani yake wa miaka mingi. "Maharage si mboga tu, bibi?"

Nilikula sahani yangu, nikala na yake, nikarudi nyumbani nimeshiba na nimekasirika. Ndipo nikaona niwaandikie.

Mimi si daktari wala mtaalamu wa lishe. Mimi nilikuwa na kiti karibu na mdomo wa mashine, na karibu kila kinacholiwa katikati ya mji huu kilipita mbele ya pua yangu kikiwa bado kikavu. Nimewajua wabeba mizigo wa Kariakoo, wale wanaopandisha gunia mgongoni hadi ghorofa ya tatu huku wanatukanana kwa furaha. Sikuwahi kumwona hata mmoja na kopo la unga lenye picha ya mzungu aliyevimba. Saa nne asubuhi walikuwa wanakula ugali na maharage. Mchana wali na dagaa, au choroko, na siku wakipata, supu ya kongoro. Wakisubiri lori wanatafuna karanga. Nafaka na jamii ya maharage zikikaa sahani moja husaidiana, hii inajaza alichopungukiwa mwenzake, kama mke na mume wanaoelewana. Ongeza yai, au mtindi, au dagaa wachache, nawe umeshamaliza shughuli. Hakuna cha kutikisa hapo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mfaume, mwenye mashine, mtu mfupi asiyecheka mbele ya wateja. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha swichi. Alinishika mkono, akaniingiza kichwa kwenye mdomo wa mashine iliyozimwa, akaniambia, "Nusa." Nikanusa. "Jana ilikula nini?" Nikasema sijui. "Basi hujui kazi. Mashine haisahau ilichokula."

Ndiyo sheria niliyoishi nayo. Asubuhi mashine ikiwa safi unasaga mahindi meupe na dengu. Mchana mtama na ulezi. Soya baadaye. Dagaa ni Jumamosi jioni peke yake, mwisho kabisa, kwa sababu dagaa akiingia anaweka makazi. Akishapita unafungua chekecheke, unapiga brashi, unamwaga pumba kavu na kuzisaga, kisha unarudia na mahindi mabovu, na uchafu wote huo unakwenda kwa mfuga kuku. Tuliita kusukutua. "Hata wewe ukila kitunguu kibichi," Mzee Mfaume alikuwa anasema, "huendi kuongea na wakwe kabla ya kusukutua."

Makosa nimefanya, tena mengi. Wiki yangu ya pili mama mmoja alileta ulezi na karanga, akasema nisage vyote pamoja. Nikasaga. Karanga ina mafuta, enyi watu. Chekecheke iliziba, mashine ikaunguruma, ikatema kitu kama udongo wa kufinyangia vyungu. Mzee Mfaume alinipa bisibisi na kijiko akasema neno moja tu, "Chokonoa." Nilichokonoa mpaka adhuhuri. Tangu hapo nimewaambia wote: karanga kaanga, twanga kivyake nyumbani, tia kwenye uji ukiwa jikoni. Ukiisaga na unga ukaihifadhi, baada ya muda mfupi unaanza kunuka mafuta yaliyochacha. Soya nayo usilete mbichi. Chemsha, anika, kaanga, ndipo uje. Soya mbichi inagombana na tumbo, na tumbo ndilo hushindwa.

Na msichanganye dunia nzima. Alikuja mama mmoja na mfuko wa vitu kumi na saba. Kulikuwa na mbegu za maboga, mchele wa aina mbili, ubuyu, mihogo mikavu, na kitu cheusi ambacho hata yeye hakukijua. Anataka uji wa lishe wa mtoto. Mzee Mfaume akauchungulia ule mfuko, akamwambia, "Mama, hapa umeweka duka zima, mtoto umemwacha nje." Yule mtoto alikataa uji mpaka alipoanza shule. Nafaka moja na aina moja au mbili za kunde zinatosha kabisa.

Sasa niwaeleze kuhusu kosa kubwa, ambalo nimelibeba mpaka leo, na ambalo kwa bahati mbaya lina kikopo cha kutikisa ndani yake.

Alikuwepo mteja wetu aitwaye Mama Ketan, wa familia ya Kihindu kule Mchafukoge. Walikuwa na duka la vitambaa chini, na wao wanakaa ghorofa ya nne juu yake. Nyumba yao hawali nyama, hawali samaki, hawali hata yai, kwa ajili ya dini yao. Kila Jumatatu asubuhi yeye ndiye alikuwa wa kwanza kwenye benchi letu, na dengu zake kwenye mfuko wa kitambaa aliouosha mwenyewe. Wanawake wengine wa yale maghorofa walimfuata yeye. Alichokubali Mama Ketan walikubali wote. Jumatatu yetu ilikuwa ya akina mama hao, na Jumatatu hiyo ndiyo iliyoshika kiwanda kile kisianguke.

Hakuwahi kuniambia nisage vizuri. Alikuwa ananiuliza, "Imesukutuliwa?" Nami namjibu, "Imesukutuliwa, mama." Basi, anakaa, anafungua mkebe wake wa chai ya maziwa, ananipa nusu. Miaka kumi na minne, swali hilo na jibu hilo. Nilikuwa nimemzoea kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Jumatatu moja alikuja uso umemshuka. Shida ilikuwa Ketan, mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mpole, mrefu kama mlango. Alikuwa ameanza kwenda gym moja hapo hapo Gerezani, iliyokuwa zamani karakana ya gereji, na wenzake walikuwa wamemwuzia wazo kwamba bila unga wa kopo hakuna misuli.

"Ameacha kukaa mezani," Mama Ketan aliniambia. "Anaingia jikoni, anatikisa, anakunywa amesimama, anatoka. Asubuhi, mchana, jioni. Na tumbo, Mama Neema! Wapangaji wa chini wameulizia kama kuna bomba limepasuka."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ameniambia chakula changu hakina protini. Mimi! Nimemlea kwa dengu, choroko, mtindi na karanga, kafika darini, halafu ananiambia nilikuwa nampa upepo."

Macho yake yalijaa machozi, na nikaona kwamba hapa hatuzungumzii unga. Mtu aliyekulisha toka ukiwa huna meno ukimwambia chakula chake ni bure, umemwambia na yeye ni bure. Nyinyi vijana huwa hamsikii mnavyosema.

Wazo lililofuata lilikuwa lake, sema sikulipinga. Kopo likiisha, badala ya kumwacha anunue jingine, yeye atalijaza mwenyewe kwa siri na kumwambia kuwa alipita dukani akamnunulia. Tulikaa kwenye benchi tukapanga kama majambazi. Dengu zilizokaangwa na kutolewa maganda, na ufuta kidogo, nisage mimi mara mbili mpaka ziwe laini kama poda. Nyumbani yeye ataongeza karanga alizotwanga, maziwa ya unga, kakao, sukari na hiliki kwa mbali, maana kopo lenyewe lilikuwa la ladha ya chokoleti.

"Mama Ketan," nilimwambia, "huyo ni mtu mzima."

"Kwako mtu mzima. Kwangu bado namfulia."

Jumatatu iliyofuata alikuja anatembea kama bibi harusi. Ketan alikuwa amekunywa, akalamba mdomo, akasema toleo hili jipya liko poa kuliko la kwanza. Wiki ya pili bomba la ghorofa ya nne likapona. Wiki ya tatu kijana akarudi nyumbani anapiga kelele kuanzia ngazini kwamba amenyanyua kilo mia moja kifuani, akambeba mama yake juu kumwonyesha. Tulicheka kwenye benchi lile mpaka Mzee Mfaume akatoka kuangalia nani anaumwa. Sisemi kwamba dengu ndizo zilizonyanyua chuma. Mazoezi yalikuwa yake, na jasho lake. Nasema tu dengu hazikumzuia.

Halafu ikaja Alhamisi.

Alhamisi hiyo alikuja wifi yangu, Mama Happy, dada wa marehemu mume wangu, mfanyabiashara wa jumla wa mchele na maharage pale Kariakoo. Kama mnawajua mawifi wa Kichaga wenye maduka, basi siwaelezi zaidi. Binti yake alikuwa amejifungua, na yeye alikuwa amebeba mahindi, soya na dagaa, vyote tayari, anataka unga wa uji wa mzazi.

"Wifi, leo ni Alhamisi," nikamwambia. "Dagaa ni Jumamosi."

"Kwa hiyo mzazi asubiri na njaa mpaka Jumamosi?"

"Mzee Mfaume hayupo, na sheria…"

"Nsia, nani alisimamia harusi yako?"

Damu nzito kuliko maji, hata ikiwa ya mume. Nilimwaga dagaa wake kwenye mashine moja iliyokuwa nzima siku hiyo ya Alhamisi, saa tano asubuhi. Akaondoka ameridhika. Nikazima, nikashika spana nifungue chekecheke, na hapo hapo umeme ukakatika.

Tukakaa. Foleni ikawa ndefu, watu wakaanza kuulizana makabila. Umeme uliporudi saa sita na nusu watu wote walinyanyuka pamoja na kelele zao, kila mtu ni wa kwanza, na kwenye zile kelele akaingia Mama Ketan, ambaye hajawahi kuja Alhamisi hata siku moja. Kopo limeisha mapema. Ketan alikuwa anawagawia wenzake wa gym, wamelipenda, na mchana huo angekuta tupu angekwenda mwenyewe dukani.

"Nisaidie haraka, Mama Neema. Imesukutuliwa?"

"Imesukutuliwa, mama."

Sikudanganya kwa kutaka. Ulimi wangu ulijibu wenyewe, kama ulivyojibu miaka kumi na minne. Nikamwaga dengu zake. Akanishukuru, akaenda zake anakimbia.

Aliyefuata alikuwa fundi mmoja wa mageti, na debe lake la mahindi. Alichota unga wake kwenye kiganja, akaunusa, akanitazama.

"Mama Neema, mahindi haya umeyavua Mwanza?"

Foleni nzima ilicheka. Hata mimi nilicheka. Kisha nikageuka, na spana ilikuwa bado juu ya kiti pale nilipoiacha.

Nilipiga simu ya Mama Ketan mara nne. Inaita, haipokewi. Nikazima mashine, nikawaambia watu wa foleni nitarudi, wakaniambia maneno ambayo siyaandiki, nikatoka mbio. Mimi mwenyewe si mtu wa mbio. Nilikuwa na kilo zangu, na unga ulikuwa umenitapakaa kuanzia kilemba hadi kandambili. Mwendesha bodaboda wa kwanza aliniona akawasha pikipiki akaondoka. Wa pili alinibeba, ila njia nzima alikuwa anajitenga mbele, na tulipofika aliniuliza kwa adabu kama nilikuwa natoka kwa mganga.

Njiani niliwaza mambo mawili. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Dagaa waliobaki kwenye mashine ni kiasi gani? Vijiko viwili? Kakao ingewafunika. Mama huyu angeishi na kufa bila kujua. Ila mimi ningekaa naye kwenye benchi kila Jumatatu, ninywe nusu ya chai yake, na aniulize swali lake. Na nikisema, nimempoteza yeye na maghorofa yote nyuma yake, na pengine Mzee Mfaume anafunga mlango. La kuvunda halina ubani, vijana. Niliona aibu mpaka nikasikia joto masikioni.

Lifti yao ilikuwa mbovu. Ngazi za ghorofa nne nilizipanda kwa miguu na mikono. Mlango ulikuwa wazi. Ketan alikuwa amesimama jikoni na fulana ya mazoezi, anatikisa kikopo. Mama yake yuko nyuma yake na kopo kubwa mkononi.

"Usinywe!"

Kijana alishtuka. Alitazama lile zimwi jeupe mlangoni, lakini malezi ni malezi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usinywe."

"Kuna nini?"

Mama Ketan, kule nyuma, alikuwa ananikonyeza kwa nyusi zote mbili. Alidhani nimekuja kutoboa siri yetu. Nami sikutaka kuitoboa mbele ya mtoto, kwa hiyo nikatafuta uongo, na mimi uongo wa haraka siuwezi.

"Imekwisha muda wake," nikasema.

Akaligeuza kopo. "Hapa imeandikwa mwakani."

"Wamekosea. Wametangaza redioni."

"Redio gani?"

"Ketan, usibishane na wakubwa," alisema mama yake, halafu akanigeukia mimi. "Mama Neema, hebu njoo sebuleni tuongee." Na huku yule kijana, ambaye amechoka na sisi wazee, ananyanyua kikopo kwenda mdomoni.

Nilikirukia. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo. Nilikishika kwa mikono yote miwili, kifuniko kikafunguka, na kila kilichokuwemo kikanimwagikia kifuani juu ya unga niliokuwa nao tayari, nikawa uji wa chokoleti, nimesimama katikati ya jiko la watu.

Ikabidi niseme. Nilisema yote, dagaa wa wifi, umeme, spana kwenye kiti, na ulimi wangu. Sikutafuta maneno ya kujitetea. Nikasema, "Mama Ketan, uliniuliza, nikakujibu uongo. Unga huu umepita palipopita samaki. Nisamehe."

Wa kwanza kusema alikuwa Ketan.

"Subiri kwanza. Unga gani? Hili kopo si mama umenunua dukani?"

Mama yake akatazama dari.

"Mama. Humu mna nini?"

"Dengu," akasema mama yake kwa sauti ndogo.

"Dengu?"

"Na ufuta. Na karanga nimetwanga mwenyewe."

"Toka lini?"

"Toka mwezi uliopita."

Kijana akakaa kwenye kigoda. Midomo yake ilikuwa inahesabu siku. "Kwa hiyo mia moja," akasema, "zile mia moja, nimezibeba kwa dengu?" Akafikiri tena, na uso ukambadilika. "Mama, nimewaambia watu kumi na mmoja wakanunue kopo hili dukani. Wawili wanaharisha."

Ningecheka, kama nisingemwona mama yake. Alikuwa ameweka kopo mezani taratibu, anatazama ncha ya kidole chake.

"Ketan hajanywa," alisema. "Lakini mimi nimeonja. Nilionja sukari."

Mwanamke huyu alikuwa hajawahi kuingiza samaki mdomoni maisha yake yote, na mimi ndiye niliyemwingizia, kwa sababu ya wifi na kwa sababu ya mazoea. Ketan alinyanyuka, akamshika mama yake mabega. Mama Ketan hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru. Alinawa mikono, akasukutua mdomo mara nyingi, akafunga unga wote uliobaki kwenye mfuko, akaufunga fundo, akanipa.

"Chukua, Mama Neema. Wewe unakula samaki. Chakula hakitupwi."

Nilishuka ghorofa nne nalia, na mfuko mkononi. Unga ule niliula wiki mbili na maziwa, na nawaambia ukweli ulikuwa mtamu, na kila kijiko kilinikaba.

Mzee Mfaume nilimweleza jioni hiyo hiyo, nikisubiri anifukuze. Alivua kofia, akaikung'uta unga kwenye goti.

"Umekwenda kumwambia mwenyewe?"

"Nimekwenda."

"Kabla hajajua?"

"Kabla."

Akavaa kofia. "Basi sukutua mashine, kesho watu wanakula."

Jumatatu iliyofuata benchi lilikuwa tupu. Hakuja yeye, na kama nilivyojua, hakuja hata mmoja. Jumatatu ya pili vivyo hivyo. Niliisukutua mashine mara tatu kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Mzee Mfaume hakunilaumu, alianza tu kuizima mashine ya pili mapema. Ketan nilimwona akipita kwenda gym, ananisalimia vizuri, na siku moja akasimama kuniambia kwamba sasa anakula mezani, chapati tano na dengu na bakuli la mtindi, na kwamba wale kumi na mmoja wamemlazimisha kila Jumamosi awapelekee chakula cha mama yake. "Wanamwita kocha," akaniambia. Nilifurahi kwa ajili yake. Nilitaka kumwuliza kama mama yake hunitaja, nikashindwa.

Jumatatu ya tatu nilifika saa moja kasoro, nafungua kufuli, na Mama Ketan alikuwa amekaa kwenye benchi. Mfuko wa kitambaa uko mapajani. Mkebe wa chai hakuuleta. Nilisimama na funguo mkononi, sijui nisalimie au niingie.

"Mashine ziko nyingi kuliko nilivyodhani," alisema bila kunitazama. "Nimezunguka tatu wiki hizi. Nyingine iko karibu kabisa na kwangu, sivuki hata barabara. Kila nilipofika nimeuliza jambo moja. Nimewauliza, mmewahi kukosea, mkachanganya vya watu?"

"Wakasemaje?"

"Wote wamesema hawajawahi." Akanyanyuka, akaniwekea mfuko mikononi. "Nikachukua dengu zangu, nikarudi."